Joho la babu ni la ngamia au la kondoo? Jinsi maabara inavyousoma unywele

Joho lilitolewa sandukuni wiki moja kabla ya harusi, likatundikwa uani lipigwe na upepo, maana lilikuwa likinuka karafuu na miaka mingi ya kufungiwa. Rangi yake ya asali iliyoiva, zari ya shingoni imefifia, lakini kitambaa chenyewe bado chateleza mkononi. Ami yangu alilishika pindo akasema, "Hili la ngamia hili. Babu yenu alilinunua Maskati." Mzee jirani, fundi cherehani aliyestaafu, akacheka. "Ngamia wapi, yakhe! Hii sufu ya kondoo, tena kondoo wa Kizungu."

Ubishi ukahamia barazani, kahawa ikanywewa raundi mbili, na hapo akafika kijana mmoja mwenye duka la vitambaa Biashara Street. Akasema mbona jambo lenyewe dogo. Alitafuta uzi mmoja uliokuwa umefumuka kwenye upindo, akauchomoa, akawasha kibiriti. Uzi ukajikunja kama unaoukimbia moto, ukatoa harufu ya nywele zilizoungua, ukazimika wenyewe. "Si mwaona?" akasema. "Ngamia huyo."

Ami aliridhika. Mzee jirani alinyamaza. Mimi nilibaki na swali ambalo barazani halikuwa na wa kulijibu: ule moto umetwambia nini hasa?

Kibiriti si kipimo cha kudharau. Pamba ikiungua hunuka karatasi na kubakisha jivu jepesi. Akriliki na poliesta huyeyuka, na zikipoa huwa kidonge kigumu cheusi kisichopondeka. Nywele za mnyama hujikunja, hunuka vile tunavyojua, na huacha masizi yanayosagika vidoleni. Kwa hiyo kijana alithibitisha kwamba joho si la pamba wala si la plastiki iliyofumwa. Hapo tumshukuru. Lakini kondoo, mbuzi, ngamia, sungura, hata mimi nikiunguza ndevu zangu kwa jiko la gesi, harufu ni ile ile. Kulitaja jina la ngamia kulikuwa ni kuongeza chumvi.

Wauza shali nao wana kipimo chao. Hupitisha pashmina ndani ya pete mbele ya mteja, naye mteja hufungua pochi. Pete inathibitisha kwamba shali ni nyembamba na inateleza. Viskosi, inayotengenezwa kwa mbao zilizosagwa zikawa rojo, hupita kwenye pete hiyo hiyo bila tabu.

Ugumu wenyewe unatokana na jinsi nywele zilivyoumbwa. Unywele wa mamalia yeyote umejengwa kwa keratini, protini ile ile ya kucha, kwato na pembe. Ni mnyororo mrefu wa asidi amino zilizoshikana moja baada ya nyingine, na aina za asidi amino ni 20 tu, kama alfabeti. Minyororo hujipinda kwa pamoja kama kamba ya usumba, kisha hufungwa pamoja na viungo vya salfa. Hiyo salfa ndiyo inayonuka unywele ukiungua. Wanaokumbuka enzi za kalikiti saluni wameshaviona viungo hivi vikifanya kazi bila kuvijua: dawa ya kwanza inavikata, nywele zinalegea na kukubali umbo la vile vibomba, kisha dawa ya pili inaviunga upya pale pale. Shikilia hilo la kalikiti, tutalirudia.

Sasa, ikiwa nyenzo ni moja, kwa nini mtu ajali ni mnyama gani? Kwa ami yangu ni heshima ya babu. Kwa dunia ni pesa. Mbuzi wa kashmiri ana koti mbili: singa ngumu za nje, na chini yake malaika laini zinazoota kwa ajili ya baridi na kuchanwa majira yakigeuka. Mbuzi mmoja hutoa gramu 150 mpaka 200 hivi za malaika safi kwa mwaka, kwa hiyo sweta moja hula mavuno ya mbuzi kadhaa. China na Mongolia ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya mali hii. Kondoo mmoja hutoa kilo kadhaa. Tofauti hiyo ya mizani ni tofauti ya bei, na penye tofauti ya bei hapakosi mtu wa kuchanganya: sufu ya kondoo wa merino kidogo, malaika ya yaki, ng'ombe wa manyoya wa milima ya Asia, kidogo, halafu lebo moja inayosema kashmiri asilimia 100.

Usidhani hayo ni mambo ya nchi za theluji. Nenda soko la mitumba la Kongowea siku robota la sweta linapofunguliwa. Zile za kamera, zinazochaguliwa kabla ya watu wa rejareja hawajazigusa, utazikuta na lebo za kashmiri, na aliye na jicho atazipeleka Nairobi au Limuru ambako watu wanazihitaji. Hapa Mombasa sweta tunaivaa tukipanda basi la usiku kwenda bara. Lakini pesa ya lebo inalipwa hapa hapa sokoni, alfajiri, kwa kugusa tu.

Kwa muda mrefu jibu la kitaalamu lilikuwa hadubini. Unywele ukikuzwa vya kutosha unaonekana umefunikwa magamba, kama samaki au kama makuti ya paa yaliyopandana. Magamba ya sufu ya kondoo ni manene kidogo na yamesongamana. Ya kashmiri ni membamba na yameachana. Pia mtaalamu hupima unene. Unywele wa kichwani kwa mtu ni mikroni 70 hivi, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Sheria ya Marekani haikubali kitambaa kiitwe kashmiri kama wastani wa unene wa nyuzi zake unazidi mikroni 19. Mwenye jicho zuri huketi akahesabu nyuzi, mamia kwa mamia, moja kondoo, moja mbuzi, moja kondoo.

Kazi hiyo ina heshima yake na mpaka leo haijafa. ISO, lile shirika la kimataifa la viwango, lina kiwango chake, namba 17751. Shida ni kwamba jicho ni la mtu, na wataalamu wawili wanaweza kuutazama unywele mmoja wakatofautiana. Tena viwanda vimejifunza. Sufu huoshwa kwa klorini ili magamba yalainike na sweta isisinyae ikifuliwa. Huweza pia kuvutwa ikiwa imelowa na ina moto mpaka ikawa nyembamba kama kashmiri. Ukimwondolea samaki magamba na kumkata kichwa na mkia, hata mvuvi wa Old Port atasita kabla ya kutaja jina lake.

Wengine wakasema tutumie DNA, yale maandishi ya urithi yaliyo ndani ya chembe za mwili, na kweli kipo kiwango cha ISO cha mwaka 2015 kwa njia hiyo, namba 18074. Lakini unywele uliokwisha kutoka kwenye ngozi ni kitu kikavu kilichokufa, DNA yake ni haba toka mwanzo. Kisha kitambaa kinapelekwa kwa mpaka rangi: maji ya moto, asidi, dawa ya kung'arisha. DNA hukatika vipande vidogo vidogo. Keratini huvumilia zaidi, kwa sababu yenyewe ndiyo unywele, na imejaa tele. Basi wakemia wakajiuliza: kwa nini tutafute barua ndogo iliyofichwa ndani ya ukuta, na ukuta wenyewe umeandikwa?

Ukuta umeandikwa, na maandishi hayafanani kabisa kwa kila mnyama. Keratini ya kondoo na ya mbuzi ni kama nakala mbili za shairi moja zilizopitia mikono ya waandishi tofauti kwa maelfu na maelfu ya vizazi. Karibu beti zote ni zile zile, ila hapa na pale herufi moja imebadilika. Kazi ya maabara ni kuzitafuta herufi hizo.

Inaanza kama dobi na kuishia kama mizani ya dhahabu. Nyuzi zinasafishwa mafuta na uchafu, zinakatwakatwa ziwe kama unga, zinatiwa kwenye mchanganyiko wenye yurea na dawa ya kukata viungo vya salfa. Hapa ndipo kalikiti inaporudi: kundi la dawa ni moja, kazi ni moja, ila maabara haitii dawa ya pili ya kuviunga upya. Badala yake huviziba viungo vilivyokatika visirudiane. Minyororo ya keratini, iliyokuwa imefungamana kama kamba, sasa inaelea kila mmoja peke yake.

Kisha hutiwa kimeng'enya kiitwacho tripsini, na chupa huachwa usiku kucha kwenye nyuzijoto 37, joto la mwili. Tripsini ni kisu chenye adabu. Hakikati ovyo. Kati ya zile asidi amino 20, kinakata baada ya mbili tu, lisini na arginini, ambazo wakemia huziandika kwa herufi K na R. (Ami angeniuliza, kwa hiyo nalisema: tripsini nyingi ya maabara hutolewa kwenye kongosho la nguruwe. Lakini hicho kinyuzi kilichopimwa hakirudi tena kwenye joho. Kimeyeyuka na kwisha.)

Tufanye mchezo kidogo. Tuseme keratini ya kondoo imeandikwa WALIKAABARAZANI, na ya ngamia imeandikwa WALIKAABARABARANI. Pitisha kisu, ukate kila baada ya K na kila baada ya R. Kondoo anakupa vipande vitatu: WALIK, AABAR, AZANI. Ngamia anakupa vinne: WALIK, AABAR, ABAR, ANI. Vipande viwili vya mwanzo ni vya wote wawili, havina msaada wowote. Lakini ukikuta AZANI kwenye chupa, kondoo yumo. Ukikuta ABAR, ngamia yumo. Ukikuta vyote viwili, kuna mtu amechanganya.

Ndivyo ilivyo kwa keratini ya kweli, ila minyororo ni ya mamia ya herufi, na ya aina nyingi, na vipande vinavyofanana ni vingi mno kuliko vinavyotofautiana. Vile vichache vinavyomtaja mnyama mmoja bila kumtaja mwenzake ndivyo alama. Utafiti wote wa fani hii, kwa kiasi kikubwa, umekuwa ni kuzitafuta alama hizo na kuhakikisha hazipotei kitambaa kikipakwa rangi.

Sasa vipande hivi havionekani kwa jicho wala kwa hadubini. Vinapimwa uzito. Mashine inayofanya hivyo huitwa spektrometa ya masi, na kwa njia moja maarufu kazi yake ni kama mashindano ya ngalawa. Tone la vipande huchanganywa na fuwele za kemikali fulani kwenye bamba la chuma na kuachwa likauke. Leza inapiga, fuwele zinaruka na kubeba vipande hewani, kila kimoja kikiwa na chaji ya umeme. Kisha umeme unavisukuma vyote kwa nguvu sawa ndani ya bomba lisilo na hewa. Upepo ni mmoja kwa ngalawa zote. Nyepesi inafika kwanza, nzito nyuma. Mashine inahesabu muda wa kufika, na muda unageuzwa kuwa uzito. Matokeo huchorwa kama mstari wenye miiba mirefu na mifupi, kila mwiba uzito mmoja.

Zamani jambo hili lilidhaniwa haliwezekani, kwa sababu protini ni dhaifu: ukiipiga leza inaungua kabla haijaruka. Mwaka 1985 Koichi Tanaka, mhandisi wa kampuni ya Shimadzu kule Kyoto, alikosea akatia gliserini kwenye unga wa kobalti aliokuwa akiutumia. Akaona kuumwaga ni israfu, akaupima hivyo hivyo, na molekuli kubwa zikaruka zikiwa salama. Mwaka 2002 alipata Tuzo ya Nobeli ya Kemia pamoja na John Fenn, aliyefika pale pale kwa njia ya kupuliza matone madogo yenye umeme, na Kurt Wüthrich kwa kazi nyingine. Tanaka hakuwa na shahada ya uzamivu. Njia ya fuwele na leza inayotumika sana leo ni ile iliyokuzwa Ujerumani na Michael Karas na Franz Hillenkamp katika miaka hiyo hiyo, na wapo wanaolalamika mpaka leo kwamba hao wawili waliachwa nje ya tuzo. Mimi naona wana haki ya kulalamika.

Mizani hii ni kali. Asidi amino iitwayo alanini ina uzito wa 71 ndani ya mnyororo, na serini ina 87, kwa kipimo ambacho atomu ya haidrojeni ni 1. Kipande cha asidi amino ishirini hivi huwa na uzito wa zaidi ya 2,000. Herufi moja ya alanini ikigeuka serini, kipande kinaongezeka 16. Ni kama kumpima mtu wa kilo 80 ukatambua kwamba amevua viatu. Kwa mashine hii tofauti hiyo ni kubwa kama nyumba. Inaweza kutambua hata sehemu ndogo ya 1.

Ila uzito peke yake una mitego. Neno LAMI na neno MALI yana herufi zile zile, na ukiyaweka kwenye mizani yanalingana. Ndiyo sababu kuna njia ya pili, ya taratibu zaidi. Vipande hupitishwa kwanza kwenye mrija unaovichelewesha kwa viwango tofauti, visitoke vyote kwa pamoja. Kila kimoja kinapotoka kinapimwa, kisha kinavunjwa na mabaki yake yanapimwa tena. Ukivunja MALI unapata M, MA, MAL. Ukivunja LAMI unapata L, LA, LAM. Hapo mpangilio unajulikana. Inabaki ajabu moja: asidi amino mbili zinazoandikwa L na I zina uzito sawa sawia, na mbele yao mizani ya kawaida hunyoosha mikono.

Mtego mwingine ni ile 16. Oksijeni nayo ina uzito wa 16. Kitambaa kilichong'arishwa kwa dawa kali kinaweza kushika oksijeni kwenye baadhi ya asidi amino zake, na kipande kikaonekana kama kimegeuka herufi wakati kimebabuka tu. Kwa hiyo mpimaji makini hamtaji mnyama kwa mwiba mmoja. Anataka mashahidi kadhaa.

Na shahidi mmoja wa uongo huwepo karibu kila mara: mpimaji mwenyewe. Keratini ya binadamu, kutoka kwenye ngozi na nywele zinazopukutika bila sisi kujua, ndiyo uchafu unaojulikana zaidi katika maabara zote za protini duniani. Watu huvaa glovu, hufunika nywele, na bado hukutana na ngozi zao kwenye majibu. Kwa joho lililovaliwa na maharusi wa vizazi vitatu katika joto la kaskazi, usishangae binadamu akitokea wa kwanza.

Kuanzia mwaka 2018 njia hizi zimeandikiwa kiwango cha ISO, namba 20418, chenye sehemu kadhaa: ile ya mrija, ile ya leza, na nyingine isiyotumia dawa ya kukata salfa. Kiwango hakisemi tu mnyama yupi. Kinajaribu pia kusema kiasi gani. Hapa sifa zipunguzwe kidogo. Kujua kwamba kondoo yumo ndani ya shali ya kashmiri ni jambo moja, kujua kwamba yumo kwa asilimia 12 ni jingine. Maabara hutengeneza michanganyiko yake yenyewe kwa mizani, sehemu moja sufu na tisa kashmiri, kisha mbili na nane, na kuendelea, ikaangalia mwiba wa kondoo unavyokua, halafu inalinganisha na shali yako. Makadirio yanakuja na kiasi cha kukosea. Pia kuna asilimia moja au mbili ambazo si wizi wa mtu. Wachungaji wa Mongolia huchunga mbuzi na kondoo pamoja, zizi moja, mara nyingine vifaa vya kuchania ni vile vile. Nywele za jirani lazima ziingie.

Hapa ndipo watu wengi wanapoielewa vibaya maabara. Protini inamtaja mnyama kwa aina yake. Haitaji ubora. Mbuzi wa kashmiri na mbuzi wa moheri ni aina moja ya mnyama, keratini zao hazitenganishwi kwa njia hii, na bado kitambaa kimoja ni laini kama pumzi na kingine ni cha kung'aa na kukakamaa kidogo. Merino na kondoo wa sufu ya zulia vile vile. Ukitaka kuwatenganisha hao unarudi kwenye hadubini na unene wa nyuzi, kwa yule mtaalamu mwenye jicho tuliyemwacha akihesabu. Maabara zinazojua kazi hazikumfukuza, zilimpa msaidizi.

Na mashine inamjua yule tu aliyekwisha kutambulishwa kwake. Uzito wa vipande hulinganishwa na orodha ya wanyama waliokwisha kupimwa. Kitambaa cha mnyama asiye kwenye orodha kitatajwa kwa jina la ndugu yake wa karibu, kwa ujasiri wote. Hilo si jambo dogo kwa shali za shatushi, zinazofumwa kwa malaika za paa wa Tibet, nyembamba kiasi cha mikroni 10 hivi. Paa huyo hafugwi wala hachanwi, huuawa, na biashara yake imepigwa marufuku na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Ni jamaa wa karibu wa mbuzi na kondoo. Mpimaji asiyemtafuta kwa makusudi anaweza kumpita.

Mfano ninaoupenda katika habari hizi hauhusu biashara. Mwaka 1991 wapanda milima waliikuta maiti ya mtu katika barafu ya milima ya Alps, aliyeishi miaka 5,300 hivi iliyopita, akapewa jina Ötzi. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani walipima nywele za nguo zake kwa njia ya leza wakasema koti ni la kondoo, na ngozi ya juu ya viatu ni ya ng'ombe. Mwaka 2016 wengine wakapima DNA ya vipande vingi zaidi, wakakuta koti lile lina kondoo na mbuzi pia, ngozi zimeungwaungwa. Huwezi kusema kundi la kwanza lilidanganya. Nguo si mnyama mmoja, na jibu ni la pale ulipochomoa unywele.

Mfano wa pili ungemfurahisha ami. Watu wa Coast Salish, katika pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini, walikuwa wakisimulia kwamba wazee wao walifuga mbwa wa manyoya mengi na kufuma mablanketi kwa manyoya hayo. Kulikuwa na ubishi kama simulizi hizo ni kweli. Mwaka 2011 mablanketi ya zamani yalipimwa kwa njia hii ya protini, na mbwa akaonekana ndani yake, amechanganywa na mbuzi wa milimani. Wazee walikuwa wanajua walichokuwa wakikisema.

Turudi kwenye joho. Nimekuja kutambua kwamba kati ya maswali yote niliyoyataja, letu ndilo jepesi. Kondoo na mbuzi ni ndugu, herufi zinazowatofautisha ni chache. Lakini ukoo wa ngamia uliachana na wao makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, na keratini yake imekuwa na muda wa kutosha kubadilika. Mashine ingewatenganisha kwa mpigo. Labda isingeweza kutwambia kwa urahisi kama ni ngamia wa nundu moja, wale wa Wajir na wa Uarabuni, au wa nundu mbili wa Mongolia, maana hao wanakaribiana mno. Na isingegusa kabisa lile la Maskati. Majoho mazuri yametoka Oman, yametoka Al-Ahsa kule mashariki ya Saudi Arabia, eneo lililojipatia jina kwa ushonaji wa bishti, yaani majoho haya haya, na kitambaa chenyewe kinaweza kuwa kilifumwa kwingine kabisa kabla ya kumfikia fundi. Mzee jirani aliposema kondoo wa Kizungu hakuwa anabahatisha. Alishona majoho ya sufu iliyoletwa na meli miaka na miaka.

Nikamwendea ami. Nikamweleza kwamba maabara haihitaji kipande cha kitambaa, miligramu chache zinatosha, hata uzi mmoja mfupi. Uwekwe kwenye bahasha ya karatasi, usishikwe kwa mikono mitupu, usifuliwe kwanza. Aliniskiliza mpaka mwisho, kwa adabu ambayo wazee huwapa vijana wanaosema upuuzi.

"Mkasi hauingii joho la baba yangu, mwanangu. Kama kuna uzi umefumuka wenyewe, chukua."

Nilililaza mkekani, nikalipekua upindo wote, mikono, shingo, hata chini ya zari. Fundi aliyelishona alikuwa fundi kweli. Uzi uliokuwa umefumuka ulikuwa mmoja tu, nao tuliuchoma barazani.